Sanduku Nililolipitisha Bila Kulifungua

Meza niliyowaachia ina droo tatu, na ile ya chini haifungi mpaka uipige goti. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jambo pekee la kazi yetu mnaloweza kuligundua wenyewe bila madhara. Mengine ni afadhali niwaandikie. Siku ya kuniaga mliniomba niweke miaka yangu ya yadini kwenye karatasi, nikasema nitaandika nikipata nafasi, nikidhani sitaipata. Sasa ninayo tele. Asubuhi namwagilia mchicha, mchana nafukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa, na hapa Bujonde hakuna mtu anayeniletea fomu ya kusaini.

Niwaambie mapema kwamba niliogopa kila siku ya kazi, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Mlikuwa mnanisifu kwa utulivu, nami niliwaacha mnisifu. Haukuwa utulivu. Mtu mwenye hofu kubwa hutembea polepole, basi.

Watu wakisikia nimefanya kazi na vitu vya mionzi hudhani nilikuwa mwanasayansi. Nilisomea ufundi wa maabara, nikaanza kwenye ghala la kakao, kupima unyevu wa punje na kukataa magunia ya watu ambao hawajakausha vizuri. Huko ndiko nilikojifunza kuchukiwa. Kampuni yetu ya usafirishaji ilipotafuta mkaguzi wa ubora wa vifungashio, nadhani ilitaka mtu anayeweza kusema hapana mara mbili kwa sauti ileile. Nikachukuliwa mimi.

Kwa wageni miongoni mwenu, kazi yenyewe ni hii. Vitu vya mionzi vinasafiri kama bidhaa nyingine: vyanzo vya kupimia ujazo kwenye matangi ya viwanda, vyanzo vya kupigia picha maungio ya mabomba, mapipa ya sampuli za mawe ya utafiti, na vile vifaa vya barabara ambavyo mafundi wanaviita nyuklia, vya kupimia kama udongo umeshindiliwa sawasawa. Vyote vinapita yadini kwetu kabla ya kwenda Kasumulu na kuvuka mto Songwe kuingia Malawi. Sisi hatuna neno na mionzi yenyewe. Tunakagua kinachoizuia: sanduku, kufuli, bawaba, sponji, lebo, sili. Lori likipinduka kwenye kona, dereva akakimbia, wanakijiji wakaja kutazama, kinachosimama kati yao na kile kitu ni kazi yetu ya asubuhi ile.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa viatu vya wazi. Mzee Shomari, aliyekuwa mkaguzi mkuu, akaniangalia miguu akauliza kama nakwenda harusini. Alikuwa mtu wa ukoo uliotoka pwani zamani. Kaka yake alikuwa na duka la vitenge Kyela mjini, naye peke yake katika familia ndiye aliyekataa biashara. Alisema wateja wanamchosha, masanduku yanasema ukweli. Akanivisha kipima mionzi shingoni, akaniambia nizunguke yadi nzima bila kukaribia mzigo wowote: mlangoni, bombani, kwenye ukuta wa nyuma unaopakana na majaruba ya mpunga. Kila mahali niandike namba inayosomeka.

"Hiyo ni hewa ya Kyela," akasema nilipomletea karatasi. "Mungu ndiye aliyeiweka. Usipoijua hiyo kwanza, namba nyingine zote zitakudanganya."

Basi tangu siku hiyo kila ukaguzi ulianza na namba mbili. Kwanza ya hewa, halafu ya sanduku. Safu mbili kwenye daftari, moja kando ya nyingine. Mnazijua, nimewasikia mkizilalamikia.

Halafu akanipeleka kwenye sanduku. Kifaa kilianza kulia polepole, kisha haraka, kama mahindi kwenye kikaango, nami nikakivua shingoni, nikakiweka chini kwa adabu na kutoka hadi getini. Mzee Shomari akanifuata, mikono nyuma.

"Umeogopa?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ila mwoga wa hapa anaogopa akiwa amesimama palepale. Rudi ukamalize."

Nikarudi. Alinipa mwanzi aliokuwa ameukata mita moja kamili, ncha moja unaigusisha kwenye sanduku, kwenye ncha ya pili unashika kipimo, na hapo ndipo namba inalinganishwa na ile iliyoandikwa kwenye lebo. Kampuni ilikuwa imemnunulia futi ya chuma inayojikunja. Aliitumia kupimia mapazia ya nyumbani kwake. Alinifundisha pia kufuta sanduku kwa kipande cha karatasi laini, pembe kwa pembe, kisha kuipima ile karatasi mbali na sanduku kujua kama kuna kitu kinavuja. Karatasi ya kwanza ikanichanikia. Akanipa ya pili, nayo ikachanika, akanipa ya tatu.

Jioni ile nilioga mara mbili na kusugua mikono kwa ndimu. Mwanangu Lusajo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Alinijia mikono juu, nami nikarudi nyuma. Siku tatu sikumbeba. Mama mkwe wangu, ambaye hakuwa na mwanzi wala kipimo, alinitengea chakula changu kwenye sahani ya pembeni. Nilijua kabisa kwamba kitu kilichofungwa vizuri hakinati kwenye nguo ya mtu. Nilikuwa nimeambiwa, nikaelewa, nikafaulu na mtihani. Kujua ni kazi ya kichwa, na hofu haikai huko.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nitawapa moja tu ya miaka ile. Yalikuja mapipa ya sampuli, na kwenye moja pete ya kubana mfuniko ilikuwa imekatika. Dereva alikuwa ameikaza kwa waya, ameuzungusha kwa ustadi mkubwa, kisha akaupaka rangi ili ufanane na pipa. Nilimuuliza kwa nini ameupaka rangi. Akasema, "Ili usiogope, mama." Nilikataa pipa lile, akalala yadini siku mbili akisubiri pete mpya, akinisalimia kila asubuhi kwa heshima ya mtu anayekuombea mabaya. Nawaambia hili kwa sababu watu hawadanganyi sanduku kwa ubaya. Mara nyingi wanadanganya kwa huruma, au kwa haraka, au ili mkaguzi asisumbuke.

Mzee Shomari alistaafu, na haikupita miaka mingi tukamzika. Nikabaki mkaguzi peke yangu. Hofu haikupungua, ila ilijipangia mahali pake. Namba kubwa ziliniogopesha, namba ndogo zilinifurahisha. Sikuona ubaya wowote katika hilo. Ninyi je, mngeuona?

Sasa niingie kwenye lile ambalo sikuwahi kuwasimulia lote.

Kulikuwa na mkandarasi wa barabara aliyekuwa na kazi pande zote mbili za mpaka. Alikuwa na nyuklia moja, nayo ilivuka kila Jumatatu asubuhi na kurudi kila Ijumaa. Fundi wake, Ambakisye, alikuwa kijana mpole, shati limechomekwa, anayesalimia hata mlinzi. Kifaa chenyewe ni kama kisanduku cha chuma chenye mkono mrefu wima. Chini ya mkono ule kuna fimbo, na chanzo kimo kwenye ncha ya fimbo. Mkono ukiwa kwenye tundu la juu, chanzo kimejificha ndani ya chuma. Ukiubonyeza kwa kidole gumba, fimbo inashuka na chanzo kinatoka chini, uchi. Ndiyo maana una kufuli lake. Kifaa kizima hukaa ndani ya sanduku la njano lenye sponji, na sanduku nalo lina kufuli zake mbili.

Utaratibu wetu ulisema mkaguzi afungue sanduku, asome namba ya kifaa kwa macho yake, aguse kufuli la mkono, afunge, atie sili. Baada ya sili yetu hakuna aliyelifungua tena, si forodha, si polisi, si dereva. Alama ile iliwatosha. Nilijivunia jambo hilo, na sikujua kwamba ng'ambo na ng'ambo watu walikuwa wameshaliona kwa jicho lao wenyewe. Kule Katumba Songwe, kandokando ya mpaka, kila mtu ana shangazi au shemeji upande wa Karonga, ndani ya Malawi, na kila anayevuka hupewa kifurushi ampelekee. Sanduku lisilofunguliwa na yeyote, linalovuka kila Jumatatu, lilikuwa neema. Chumvi, sabuni, kilo mbili za mchele. Juu ya sponji palikuwa na nafasi kidogo. Ambakisye alikuwa akivitoa vifurushi anapokaribia yadi na kuvirudisha akishatoka. Ijumaa hawakuwa na shida, maana wakati wa kurudi sikukagua mimi.

Wiki ile mvua ya Aprili ilikuwa haijakatika tangu Alhamisi. Jumatatu yadi ilijaa maji, malori sita yakisubiri, nami nimelowa mpaka kwenye soksi. Ambakisye akashusha sanduku chini ya kibanda. Nikapima hewa, nikaandika. Nikaweka mwanzi, nikapima sanduku. Kipimo hakikulia. Kilinung'unika vilevile kilivyonung'unika bombani.

Nilifurahi. Nataka mlielewe neno hilo kama lilivyo. Moyo wangu ulishuka mahali pake, nikasema, "Leo limetulia."

"Limetulia, mama," akajibu Ambakisye. Nilipogusa kufuli akaongeza, kwa sauti ya chini, "Mama, stoo yetu iliingia maji Jumamosi. Sponji ndiyo kwanza imekauka. Tukifungua kwenye mvua hii italowa tena."

Kumbe siku ile, kwa sababu ya mvua, hakuwa amesimama njiani kutoa kifurushi cha watu. Aliogopa nikione. Nami niliogopa kufungua, kama nilivyoogopa kila mara, na hapa palikuwa na mtu ananipa sababu nzuri ya kutofungua. Fomu ilikuwa na mstari: namba ya kifaa, imeonwa na mkaguzi. Nikachukua fomu ya wiki iliyopita, nikanakili namba. Nikatia sili, nikasaini. Sanduku likaondoka.

Saa kumi alasiri malori yalikuwa yamekwisha. Nikaketi na chai kuhamishia namba daftarini. Safu ya hewa, safu ya sanduku. Nilipofika mstari wa Ambakisye nikaandika namba ya kwanza, nikaandika ya pili, nikaziona zimekaa pamoja, zinafanana kabisa. Sanduku lenye chanzo haliwezi kusoma sawa na bomba la maji. Linazuia mionzi, haliifuti. Ladha ya chai ikanitoka mdomoni. Nilikaa nikiziangalia zile namba mbili, na maana yake ilikuwa moja tu: nimetia sili sanduku lisilo na kitu, na kile kitu kiko mahali fulani miongoni mwa watu.

Nikampigia Ambakisye. Alikuwa ameshafika Karonga, na simu ilishika mara ya tatu.

"Kata sili. Fungua sanduku."

"Mama, niko barabarani, watu..."

"Fungua, Ambakisye."

Nikasikia kufuli, nikasikia sponji ikivutwa.

"Mama," akasema, na sauti yake haikuwa ya mtu mzima tena, "humu kuna mchele tu."

Akanieleza huku meno yanagongana. Stoo ilikuwa mikononi mwa mama mmoja wa Katumba Songwe, Mama Gwakisa. Maji yalipoingia yeye ndiye aliyeokoa vitu na kuvipeleka nyumbani kwake, palipoinuka. Asubuhi Ambakisye alikuta sanduku barazani, limefungwa, zito kama siku zote. Akapiga hodi, hakuna aliyeitikia kwa kelele za mvua, akalipakia. Alijua kuna mchele kidogo wa dada yake Mama Gwakisa juu ya sponji. Hakujua kwamba ni debe zima, na kwamba limekaa mahali pa kifaa.

Tulichukua sanduku la akiba, mimi na dereva wa pikapu, tukaenda. Kilomita za mwisho barabara ilikuwa chini ya maji, tukaiacha gari na kutembea tukilibeba sanduku huku na huku kama jeneza. Kipimo nilikining'iniza shingoni. Nilikuwa namwomba Mungu mambo mawili yanayopingana: kilie, ili nijue kifaa kiko hapa na hakijachukuliwa na muuza vyuma chakavu, na kisilie, kwa sababu nyumba niliyoelekezwa ilikuwa na nepi kwenye kamba ya barazani.

Kililia tukiwa uani.

Mama Gwakisa alikuwa barazani anapepeta. "Ugonile, mama," nikamsalimu, kwa kuwa hata siku ya kiama mtu husalimia kwanza.

"Ndaga, mwanangu. Karibuni. Mbona mmelowa hivyo?"

"Mama, kile kifaa cha barabara kiko wapi?"

"Kiko ndani, nilikitoa sponji ikauke, nimekihifadhi vizuri, maji hayakukigusa. Nilimsubiri Ambakisye akitie mwenyewe, mimi sijui kinavyolazwa. Sanduku nilifunga tu kuku wasile mchele, nikaenda nyuma kumwogesha mzazi, narudi simwoni yeye wala sanduku."

Nikaingia. Ndani mlikuwa na kitanda, na juu ya kitanda kichanja cha mianzi cha kuwekea mpunga usifikiwe na mafuriko. Kitandani alilala mkwe wake, Atupele, na kifuani pake mtoto wa siku sita. Kifaa kilikuwa kichanjani, juu yao. Kwenye mkono wake mrefu walikuwa wameanika nepi tatu.

"Toka nje na mtoto," nikamwambia.

"Kwenye mvua hii?" Atupele akaniangalia usoni, akajiinua upesi. "Kuna nyoka?"

Nikasema ndiyo. Nyoka anaeleweka.

Walipotoka nilibaki peke yangu na kile kitu. Nikapanda juu ya kitanda. Mkono ulikuwa kwenye tundu la juu, mahali pa usalama. Lakini kufuli lake halikuwepo. Nepi zilikuwa mbichi, nzito, zinauvuta. Nikazitoa moja moja, polepole, nikihesabu pumzi. Nikakishusha, nikakibeba mikono imenyooka mpaka uani, nikakitia kwenye sanduku la akiba. Nikapima. Kikasoma vile kinavyopaswa kusoma. Sijawahi kuipenda namba kubwa kama siku ile.

Hapo ndipo Mama Gwakisa, akitaka kunisaidia, aliposema neno ambalo nimeishi nalo.

"Kile kimkono kilishuka siku moja nikianika. Kikalia 'ta'. Nikakivuta, nikakirudisha juu."

"Siku gani, mama?"

"Jumapili. Au Jumamosi jioni."

"Kilikaa chini muda gani?"

"Sijui, mwanangu. Nilikikuta tu kimeshuka."

Tulifanya hesabu, mimi na wataalamu wa makao makuu, mara tatu. Tuliichukua ile mbaya kuliko zote, kwamba fimbo ilishuka Jumamosi na kukaa chini muda wote ambao ingeweza kukaa. Hata hivyo kile alichokipata mtoto kilikuwa pungufu ya anachokipata mgonjwa kwa picha moja ya mashine kubwa ya hospitali. Ripoti ikaandikwa. Kampuni ilinipa barua ya onyo, haki yangu kabisa, na fomu ikabadilishwa. Sasa mnapiga picha ya namba ya kifaa, na mnanung'unika. Kwa familia tuliagizwa kusema mambo mawili: mtoto yuko salama, na kifaa kilitoka kwenye sanduku wakati wa mafuriko. Nikayasema. Yote mawili yalikuwa kweli. Kwamba niliyetia sili bila kufungua ni mimi, kwamba laiti ningefungua asubuhi kifaa kingetoka juu ya mtoto yule kabla ya chakula cha mchana, hilo sikulisema. Kwao mimi nilikuwa mama aliyetembea kwenye maji kuja kuwaokoa. Mama Gwakisa alinishika mikono yote miwili. "Ndaga fijo," akasema, "ndaga fijo, mwanangu." Nikaipokea shukrani ile.

Kila mwaka baada ya mavuno Atupele alikuja yadini na mtoto, aliyeitwa Tumpe, na kikapu cha mchele. Mnakumbuka. Mliwahi kuniuliza ni ndugu yangu, nikasema ndiyo. Aliniomba nimpime. Nami nilichukua kipimo, nikampitisha Tumpe kichwani, kifuani, tumboni, mgongoni, taratibu, kama naweza kuona kitu. Kilisoma hewa ya Kyela. Nikamwambia mama yake, "Haizidi." Akaniangalia kwa muda, akashukuru, akaondoka. Na mimi usiku wake sikulala, nikirudia hesabu ambazo nazijua kwa moyo.

Mwaka huu walinifuata nyumbani. Tumpe yuko darasa la pili, amepungukiwa meno mawili ya mbele, na anakimbia badala ya kutembea. Nikawaambia sina kipimo, nimekikabidhi.

"Bibi," Tumpe akasema, "kwani unanipimaga nini?"

Nimejibu maswali ya wakaguzi kutoka nje ya nchi. Swali hilo sikuwa na fomu yake. Nikamwambia akaangalie vifaranga nyuma ya nyumba, na alipoondoka nikamweleza mama yake yote. Mvua, malori, sponji. Namba niliyoinakili. Kwamba nilifurahi. Nikamwambia pia kwamba kipimo kile kinaona kilichopo, hakioni kilichopita, na kwamba miaka yote nilipompitisha Tumpe mwilini nilikuwa nafanya mchezo tu.

Atupele alikuwa ameshika kikapu mapajani. Hakukiweka chini.

"Kwamba hakioni nilijua," akasema. "Daktari aliniambia mwaka ule wa kwanza. Alisema mtoto ni mzima, niende nikalale."

"Sasa ulikuwa unakuja kufanya nini?"

"Kukuangalia wewe, mama. Nilisema, huyu ndiye aliyeingia ndani mle, huyu ndiye anayejua. Siku nitakayomkuta hana hofu, na mimi nitalala. Kila mwaka nakuja, unasema haizidi, na uso wako unaogopa. Narudi nyumbani namwamsha mtoto nione kama anapumua."

Yale niliyomwambia yalikuwa yote niliyokuwa nayo. Mtoto yule hakupata kitu cha kutisha kutoka kichanjani. Hesabu zilisema hivyo, daktari alisema hivyo. Hofu waliyoishi nayo waliichukua kwangu, mwaka baada ya mwaka, nami nikipokea mchele.

Atupele akamwita Tumpe. Akaja mbio, mikono imejaa udongo, akanipigia goti. "Shikamoo bibi, kwaheri bibi," kwa pumzi moja.

"Marahaba," nikasema, nikajitahidi kuutuliza uso. Mama yake alikuwa ananitazama. Alinitazama muda mrefu, kisha akamshika mtoto mkono, akamvuta karibu naye, wakaondoka.